Safari Ndefu ya Miwani ya VR Hadi Runinga ya Sebuleni

Mwezi Mei 1957, Morton Heilig, mtengenezaji wa filamu wa Marekani, aliwasilisha ombi la hataza la kifaa ambacho wengi wa wakati wake wangekiona kama ndoto. Kilikuwa kinyago cha kuvaa usoni. Kilikuwa na lenzi mbili mbele ya macho, vipaza sauti masikioni, na njia za kupulizia hewa na harufu usoni mwa mtazamaji. Hataza ilitolewa tarehe 4 Oktoba 1960, na katika maelezo yake kifaa hicho kilitajwa kuwa televisheni ya picha zenye kina, kwa matumizi ya mtu mmoja. Heilig mwenyewe alikiita Telesphere Mask.

Kwa hiyo miwani ya uhalisia pepe, au VR kama vijana wanavyoiita, haikutoka mbali na runinga. Ilizaliwa ikiwa runinga yenyewe, imepunguzwa na kufungwa kichwani. Kilichobadilika ni watazamaji. Runinga ya miaka hiyo ilikusanya ukoo mzima sebuleni, na jirani alipokuja alipewa kiti. Kinyago cha Heilig kilimchukua mmoja na kuwaacha wengine wakimtazama yeye. Historia yote iliyofuata ya kuunganisha miwani hii na runinga ni juhudi ya kuwarudisha hao walioachwa nje.

Mwaka 1968, Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kifaa cha kichwani kilichochorewa picha na kompyuta. Kilikuwa na vioo viwili vidogo vya aina ile ile iliyotumika katika runinga za zamani, na mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini ulipima mtumiaji anageukia wapi. Alichokiona mvaaji kilikuwa mistari mitupu, kwa mfano mchemraba ulioelea hewani, lakini mistari hiyo ilibadilika kadiri alivyosogeza kichwa. Hapo ndipo miwani ilipopita runinga ya kawaida: picha ilimfuata mtu.

Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa kituo cha utafiti cha Ames cha NASA, huko California, walihitaji kifaa cha namna hiyo bila kutumia fedha nyingi. Walichukua vioo vya runinga ndogo za mfukoni zilizouzwa madukani, wakaviweka nyuma ya lenzi pana. Runinga ikawa tena mzazi wa miwani.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya matumaini makubwa na hasara kubwa. Sega ilionyesha miwani yake hadharani mwaka 1993, kisha ikaachana nayo kabla haijafika sokoni. Nintendo ilitoa Virtual Boy mwaka 1995, chombo cha kusimamisha mezani na kuinamia, chenye picha nyekundu kwenye giza. Hakikuwa na tundu la kupeleka picha kwenye runinga. Rafiki aliyeketi kando hakuona chochote isipokuwa kisogo cha mchezaji. Kilikuwa na matatizo mengine mengi, bei na macho kuchoka yakiwemo, lakini upweke huo ulikiumiza zaidi ya inavyokubalika: gemu za Nintendo zilipendwa kwa sababu watu walizicheza wakiwa kundi. Ndani ya mwaka mmoja hivi kiliondolewa sokoni.

Jibu zuri kwa upweke huo lilikuja baada ya miongo miwili.

Tarehe 13 Oktoba 2016, Sony ilianza kuuza PlayStation VR, miwani ya mashine yake ya gemu ya PlayStation 4, kwa dola 399 za Marekani. Ndani ya boksi, pamoja na miwani, kulikuwa na kisanduku cheusi kidogo chenye feni yake. Waya wa HDMI uliokuwa ukitoka kwenye PlayStation 4 kwenda kwenye runinga sasa ulipitia kisanduku hicho kwanza. Nyuma yake kulikuwa na tundu la kupokea picha kutoka kwenye mashine, tundu la kuipeleka kwenye runinga, tundu la USB na la umeme. Mbele ndipo miwani ilipochomekwa.

Kazi ya kisanduku hicho inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi walidhani ndicho kilichozalisha gemu yenyewe. Sivyo. Lenzi za miwani hukuza picha na kuzivuta kingo zake, hivyo mashine hulazimika kuchora picha mbili, moja kwa kila jicho, zikiwa zimebenjuka kwa makusudi ili lenzi zizinyooshe. Picha hizo zingepelekwa kwenye runinga jinsi zilivyo, watu sebuleni wangeona maduara mawili yaliyovimba. Kisanduku kilichukua picha ya jicho moja, kikainyoosha, kikaikata kingo na kuirusha kwenye kioo kikubwa, wakati huo huo miwani ikiendelea kupata picha zake bila kuchelewa.

Zaidi ya hapo, runinga iliweza kuonyesha kitu tofauti kabisa na kilicho ndani ya miwani. The Playroom VR, mkusanyiko wa gemu uliotolewa bure pamoja na kifaa hicho, ulitumia nafasi hiyo vizuri. Katika gemu moja, mvaaji ni paka aliyejificha nyuma ya pazia, na wenzake hadi wanne, wakitazama runinga, ni panya wanaotafuta jibini. Paka akiinamisha kichwa mbele, anachungulia; panya anayesogea wakati huo ananaswa. Sebule nzima inacheza, na miwani ni moja tu.

Kisanduku hicho kilikuwa na dosari. Toleo la kwanza halikupitisha picha za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana zaidi, na mwenye runinga mpya ya 4K alilazimika kuchomoa na kuchomeka nyaya kila alipotaka kurudi kwenye gemu za kawaida. Toleo la pili la mwaka 2017 lilirekebisha hilo. PlayStation VR2 ya Februari 2023 iliondoa kisanduku kabisa: waya mmoja wa USB-C unaingia kwenye PlayStation 5, nayo mashine inalisha runinga yenyewe.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imeshika kasi. Oculus Quest, iliyotoka Mei 2019, haikuhitaji kompyuta wala waya, na picha yake ilirushwa kwenye runinga kupitia Chromecast, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI. Sharti ni miwani na runinga ziwe kwenye Wi-Fi moja. Urahisi huo una gharama zake. Miwani hubana picha, huituma hewani, kisha runinga huifungua, hivyo watazamaji huona tendo baada ya mchezaji kulifanya. Betri nayo huisha mapema, na filamu zenye ulinzi wa hakimiliki mara nyingi huacha kioo cheusi. Ndiyo maana wengine hupitishia picha kwenye kompyuta iliyounganishwa na runinga kwa waya.

Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Meta, kampuni inayotengeneza miwani ya Quest, ilitoa programu inayoruhusu miwani hiyo kupokea picha ya HDMI kutoka kwenye konsoli au kamera, kupitia kifaa cha kunasa video kinachounganishwa kwa USB. Sasa mtu huvaa miwani na kutazama ndani yake kioo kikubwa kilichoelea mbele yake, kama Heilig alivyokusudia tangu 1957.

Hata hivyo, panapokuwa na watu zaidi ya mmoja, runinga bado inahitajika. Wenye vibanda vya gemu wanaofikiria kununua miwani hii waiweke runinga kwenye hesabu tangu mwanzo. Wanaosubiri zamu wanapoona kinachoendelea, hujifunza kabla ya kuvaa, na humwonya mchezaji anapokaribia ukuta.