Joto la injini yenye tabo

'''Joto la injini yenye tabo''' ni joto linalokusanyika chini ya boneti ya gari ambalo injini yake husukumiwa hewa na tabochaja (kwa mafundi: ''tabo''). Joto hilo lisipoondolewa hupunguza nguvu ya injini, hukausha mipira na nyaya, huunguza oili, na mwishowe huweza kupindisha silinda hedi au kuwasha moto. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mfano wa Same na Milima ya Upare katika mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, ambako joto la tambarare na mwinuko mkali hukutana katika safari moja.

== Chanzo cha joto ==
Tabo ina magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Moshi wa injini ya petroli iliyobanwa kazi unaweza kufikia digrii 900 za Selsiasi au zaidi. Wa dizeli kwa kawaida huwa chini ya hapo. Nyumba ya tabo na manifoldi ya moshi huweza kuwa nyekundu kama kaa.

Joto la pili hutokana na hewa yenyewe. Hewa ya digrii 30 ikishindiliwa hadi mara mbili ya kanieneo yake hutoka kwenye tabo ikiwa na digrii 120 hivi. Kwa sababu hiyo magari mengi yana intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Katika Subaru nyingi zenye tabo intakula hukaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Gari likienda mbio hupata upepo wa kutosha. Likisimama hupashwa joto na injini iliyo chini yake.

== Mazingira ya Same na Upare ==
Mji wa Same uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, katika tambarare kavu iliyo kwenye kivuli cha mvua cha milima. Mnamo Januari na Februari joto la mchana hupita digrii 30. Kutoka hapo njia hupanda kuelekea Mwembe na Mbaga. Kaskazini zaidi, katika wilaya ya Mwanga, nyingine hupanda kwenda Kikweni na Usangi. Kilele cha Shengena kina kimo cha mita 2,460 hivi.

Kwenye mpando wa namna hii dereva hutumia gia ndogo kwa muda mrefu. Injini hufanya kazi kubwa huku gari likienda polepole, hivyo upepo wa mbele ni mdogo na rejeta hutegemea feni pekee. Tena hewa ya juu ni nyepesi: kwenye mita 1,500 ni pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Tabo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kufidia, nayo hewa inayopita kwenye rejeta hubeba joto kidogo zaidi. Hata maji huchemka mapema, kwa tofauti ya digrii 1 hivi kila mita 300. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kisichoshika kanieneo, ambacho huenda kisionyeshe dosari yoyote Tanga au Dar es Salaam, huumbuka mlimani.

== Njia za kudhibiti ==
Kabla ya kununua kifaa chochote, inafaa kurudisha gari katika hali liliyotoka nayo kiwandani. Klachi ya feni iliyochoka, kava ya feni iliyovunjika, na rejeta iliyozibwa na vumbi au mbegu za nyasi ni visababishi vya kawaida. Magari yanayoingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, jirani na Same, huzoa nyasi kavu pia chini ya gari. Zikigusa bomba la moshi zinaweza kuwaka.

Kuondoa thamostati ni desturi iliyoenea gereji nyingi za Afrika Mashariki, lakini haiponyi rejeta iliyoziba. Injini hukaa baridi mno kwenye tambarare, na mlimani huchemsha vilevile.

Bati la kukinga joto kati ya tabo na nyaya ni kinga rahisi isiyo na madhara. Blanketi la tabo na mkanda wa kufunga bomba la moshi hupunguza joto chini ya boneti, ila mkanda hushika unyevu na kuharakisha kutu, na ukilowa oili ni hatari ya moto. Wengine huinua nyuma ya boneti kwa washa. Hilo husaidia gari likiwa limesimama tu: chini ya kioo cha mbele kuna kanieneo kubwa gari likiwa mwendoni, na hewa inaweza kuingia badala ya kutoka. Matundu ya kutolea hewa hufaa zaidi yakiwa katikati ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta.

== Baada ya mpando ==
Gari lililofika juu lisizimwe papo hapo. Injini ikizimwa oili huacha kuzunguka, na ile iliyobaki kwenye beringi za tabo huungua na kuganda kama masizi. Dakika moja au mbili za kuunguruma bila mzigo kwa kawaida hutosha. Tabo zinazopozwa kwa maji hustahimili zaidi, lakini oili chakavu huziua pia.

Sindano ya joto ikipanda, dereva hupunguza mwendo, huzima kiyoyozi, na ikibidi hufungulia hita ya ndani ili kuchukua sehemu ya joto. Isiposhuka, gari husimamishwa mahali salama. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kabla injini haijapoa, kwa kuwa maji yaliyobanwa hugeuka mvuke ghafla na kuunguza uso na mikono. Maji baridi nayo hayamwagiwi injini ya moto. Silinda hedi ya alumini huweza kupasuka.