Kariakoo: Soko Lililozaa Mji

Wadau, siku hizi kila mtaalamu wa mipango miji anahubiri dawa ile ile ya kufufua mji: jenga maduka chini, ofisi katikati, watu walale juu. Wanaieleza kama vile imeshuka jana. Mimi nasema twendeni Kariakoo kwanza.

Jina lenyewe tumelirithi vitani. Wajerumani walijenga pale banda kubwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914. Vita ikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakalitumia eneo lile kwa wapagazi wao wa Carrier Corps. Midomo ya Waswahili ikamalizia kazi: Kariakoo. (Nairobi nao wana Kariokor yao, ukoo ule ule.) Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Askari alisimamishiwa sanamu pale Samora. Mpagazi akaachiwa soko.

Mkoloni alitaka Kariakoo iwe sehemu ya Waafrika, mbali na Uzunguni na Uhindini, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa katikati kama ukuta. Lakini watu wakajenga nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha, cha mbele anafungua duka, na barazani mama anauza vitumbua. Makazi na biashara chini ya paa moja, bila mtaalamu kuitwa!

Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Paa lake la miavuli ya zege linakinga mvua na kukusanya maji. Kwangu mimi lile ndilo jengo la Kiafrika kuliko yote jijini, kwa sababu mbunifu alianza kwa kuwaza jua, mvua na mama muuza nyanya.

Kisha, katikati ya miaka ya 1980, milango ya biashara ikafunguliwa enzi ya Mzee Mwinyi. Mitumba ikaja, bidhaa za Dubai zikaja, baadaye za China. Nyumba za Kiswahili zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, magorofa yakapanda. Leo wanaofunga mzigo Mtaa wa Kongo wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe.

Sasa linganisha na Machinga Complex pale Ilala. Jengo la ghorofa, lilikamilika mwaka 2010, fedha za mkopo, nia njema. Wamachinga wengi wakalikimbia. Kwa nini? Kwa sababu machinga anamfuata mteja njiani, na mteja wa kituo cha daladala hapandi ngazi kutafuta soksi. Jengo peke yake halifufui mji. Miguu ya watu ndiyo inayofufua.

Ila tusijidanganye kwamba Kariakoo ni hadithi tamu tupu. Gorofa linapopanda, wapangaji wa vyumba wanahamia Mbagala na Gongo la Mboto. Julai 2021 moto ukaunguza soko la Amuli. Novemba 16, 2024, gorofa likaporomoka asubuhi watu wakiwa kazini, wakafa zaidi ya 20. Serikali ikaagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe. Ukaguzi baada ya maiti!

Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema soko liachwe lijiendeshe. Uhai wa Kariakoo waliuleta wananchi wenyewe, nakubali. Lakini kupima nguzo na zege si kazi ya muuza vitenge wala mteja wake. Hiyo tumewalipa watu kodi waifanye.

Tulianza Kariakoo na wapagazi waliokufa bila kuhesabiwa vizuri. Hawa wa juzi tunawajua. Tutawajengea nini?