Kompyuta kuu: Kwa nini faili za zamani hugoma kusomeka?

Mkoa wa Tabora, ulio katikati ya njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, umeongezeka watu kiasi gani tangu sensa ya 1967? Jibu si jepesi. Wakati huo Mpanda ilikuwa sehemu ya Tabora. Baadaye ikaingia Rukwa, na leo iko Katavi. Anayelinganisha jumla za mkoa peke yake atakosea. Anahitaji faili zenye takwimu za maeneo madogo, na faili za aina hiyo zilihifadhiwa kwenye tepu za sumaku za kompyuta kuu.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mashine za kizazi hicho zimeshaondoka. Kinachoweza kubaki ni nakala. Haya ndiyo matatizo ya kawaida wakati wa kuzirejesha.

Tepu inanata. Gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu. Usiilazimishe kuzunguka, itabanduka. Wataalamu huipasha joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, kisha huisoma mara moja na kuinakili.

Mashine haisomi chochote. Tepu za awali zilikuwa na njia 7. IBM ilileta njia 9 pamoja na System/360 mwaka 1964. Msongamano wa data nao hutofautiana: 800, 1600 au 6250 kwa inchi. Tafuta mashine inayolingana na tepu.

Maandishi hayaeleweki. Huenda data ni nzima, ila msimbo ni mwingine. Herufi A ni 193 katika EBCDIC ya IBM, lakini ni 65 katika ASCII.

Majina yanasomeka, tarakimu zimevurugika. Baadhi ya namba zilibanwa, tarakimu mbili katika baiti moja. Ukibadilisha faili nzima kama maandishi, unaziharibu. Rudi kwenye nakala ghafi, ubadilishe kila safu kwa aina yake.

Safu zinahama. Urefu wa rekodi umekosewa. Angalia lebo iliyo mwanzoni mwa tepu.

Faili ikishafunguka, hesabu rekodi na ulinganishe na ripoti iliyochapishwa. Zisipolingana, kazi haijaisha.

Mwisho, tafuta kitabu cha misimbo. Bila hicho, tarakimu 3 inaweza kuwa wilaya, dini au kazi ya mtu, na hakuna mashine itakayokuambia.

Kazi hii inawezekana. Mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, unawapa watafiti data za sensa ya Kenya ya 1969. Kwa Tanzania, orodha yake inaanzia 1988. Kwa hiyo mwenye tepu au kitabu cha misimbo cha miaka ya nyuma kabatini asikitupe.