Barua kutoka Bama

Wadau, asubuhi daladala hunishusha Posta, na nikielekea ofisini napita mbele ya ile sanamu ya Askari pale Samora. Bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, mahali pale pale Wajerumani walipokuwa wameweka sanamu ya von Wissmann. Ndiyo maana wazee waliendelea kupaita Bismini. Watu wanapiga picha na kuondoka zao. Mimi huwa najiuliza maswali ya kitoto: huyu jamaa asubuhi alikula nini? Na kwao nani alikuwa anamsubiri?

Maswali hayo ni rahisi zaidi kuyajibu kwa wadogo zake, yaani vijana wa Keya (KAR) waliopelekwa Bama katika Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndani yake kulikuwa na vikosi vya Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka kwetu Tanganyika kikosi cha 26 na cha 36. Walivushwa Bahari ya Hindi hadi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Katikati ya 1944 wakapelekwa kwenye mpaka wa India na Bama, katika bonde la Kabaw. Wengi walikuwa vijana wa umri wetu, tofauti yetu ni kwamba wao shule hawakuiona, au waliionja tu.

Mliopitia JKT mtaielewa siku yao. Baragumu kabla jua halijatoka, kwata, kusafisha bunduki, fatiki, posho. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili cha Keya, kilichokatwakatwa hadi Mnyamwezi, Mkamba na Mwacholi wakaelewana. Cheo kilikuwa na dari: Mwafrika aliishia kwenye ngazi za usajini na uwaranti, maafisa wote walikuwa Wazungu.

Kule bondeni hata ratiba hiyo ilivunjika. Ilikuwa msimu wa mvua za masika ya Asia, magari yakazama kwenye tope, mizigo ikabebwa na nyumbu na chakula kikaangushwa kwa ndege. Malaria ilitisha kuliko Mjapani. Kila siku walipewa vidonge vya mepakrini vilivyogeuza ngozi kuwa ya njano. Katika majeshi ya Waingereza ukaenea uvumi kwamba vidonge hivyo vinaua nguvu za kiume. Uvumi haukuwa na ukweli, lakini mfikirie kijana aliyeacha mchumba nyumbani. Kila asubuhi anakitazama kile kidonge, na anatakiwa akimeze.

Hapo ndipo barua zinapoingia.

Asiyejua kuandika alimtafuta mwenzake anayejua, akakaa pembeni na kusema moyo wake kwa mtu wa tatu. Jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu, na wapo waliojifunza kusoma na kuandika humo humo jeshini. Barua ikishaandikwa ilipita kwa mkaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila neno. Ikifika kijijini, mara nyingi ilisomwa na mwalimu au karani, maana mke au mama hakujua kusoma. Hesabu mwenyewe: neno la mume kwa mkewe limepita mikono mitatu. Ungemwambia nini mpenzi wako kwa njia hiyo?

Lakini waliandika. Waliuliza ng'ombe wangapi wamebaki, nani analima shamba, mke yuko nyumbani au amerudi kwao. Askari aliweza kutenga sehemu ya mshahara ilipwe kwa familia kupitia ofisi ya Bwana DC, kwa hiyo swali jingine likawa: hela imefika, au imekaliwa na mtu? Mwaka 1943 ukame na njaa vilipiga sehemu za Kenya na Tanganyika. Mtu yuko handakini Asia, na kinachomnyima usingizi ni ghala la mama yake.

Na kuna waliosubiri barua isiyokuja. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa mama wa kijijini, habari ilianza kama ukimya tu.

Desemba 1944 divisheni iliuteka mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Vita vilipokwisha vijana wakarudi. Waruhiu Itote, aliyekuwa huko huko Bama, baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, na historia inampa nafasi yake. Wengine walishika jembe, tukawasahau.

Kinachoniuma ni hiki. Mengi tunayojua leo kuhusu mioyo ya vijana wale yametoka kwenye ripoti za wakaguzi wa barua. Yule aliyewachungulia ndiye aliyewatunza. Alinukuu manung'uniko yao ili mabwana wake wajue hali ya askari, na karatasi zake zikabaki kwenye nyaraka za serikali. Barua zenyewe, zile zilizofika kwa bibi zetu, zimeliwa na mchwa, zimevuja mvua, au zimewashia moto jikoni.

Zote? Sidhani. Kwa hiyo wadau, mkienda nyumbani mwisho wa mwaka, muulizeni bibi habari za lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Mkikuta karatasi yenye mhuri wa jeshi, msiitupe. Isomeni kwa sauti, wote mkiwa mmekaa. Safari hii aisome mtu wa nyumbani.