Mdudu wa Jino Asiyekufa

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Walisema kweli, maana kwa karne nyingi binadamu amejaribu kuziba pengo kwa pembe asifanikiwe. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu kinywani. Mengine yote yalikuwa ya bandia, na miongoni mwa vitu vilivyotumika kuyatengeneza ni meno ya kiboko. Yalimsumbua mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu aliyeyashinda majeshi ya Mfalme wa Uingereza hakupata ushindi juu ya kinywa chake mwenyewe.

Kiongozi yule hakukosa fedha wala matabibu. Kilichokosekana ni maarifa. Wakati ule watu wengi duniani hawakujua jino linaharibiwa na nini. Ukiwauliza, wengi wangekujibu kwa neno moja, na neno hilo hata leo utalisikia kwenye daladala na kwenye vibaraza vyetu: mdudu.

Ndugu msikilizaji, mdudu huyu wa jino ana umri mkubwa kuliko dola nyingi. Katika nchi ya Babeli, ambayo leo ni sehemu ya Iraq, liliandikwa bamba la udongo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na sasa limehifadhiwa katika jumba la British Museum mjini London. Humo kuna kisa cha mdudu aliyekwenda mbele ya mungu kuomba riziki. Akapewa matunda, akayakataa. Alichotaka yeye ni kukaa kati ya meno na fizi za binadamu. Mganga aliyasoma maneno hayo mbele ya mgonjwa ili mdudu alaaniwe atoke.

Kutoka Babeli mdudu akasafiri mpaka Roma. Huko, katika karne ya kwanza, tabibu Scribonius Largus aliagiza mwenye jino bovu afukizwe moshi wa mbegu fulani mdomoni. Baadhi ya waganga wa Ulaya waliendelea na dawa hiyo kwa karne nyingi, wakiwaonyesha wagonjwa vitu vyeupe mfano wa funza vilivyoanguka. Kumbe vile vilikuwa vijimea vya mbegu zenyewe, zilizopasuka kwa joto. Mgonjwa alilipa, akarudi nyumbani ameridhika, na jino likaendelea kuoza.

Aliyemshitaki mdudu huyu mbele ya ushahidi alikuwa Mfaransa, Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa udaktari wa meno. Mwaka 1728 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kazi hiyo, wakati ambapo kwingi Ulaya kung'oa jino kulikuwa kazi ya vinyozi na ya watu wa kuzunguka magulioni. Fauchard alieleza kwamba alitazama meno yaliyooza kwa hadubini na hakuona mdudu yeyote. Badala yake alionya juu ya sukari.

Na sukari ilikuwa imekwisha kuacha alama yake. Mwaka 1598 msafiri mmoja wa Kijerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na kwamba Waingereza walionekana kupatwa na kasoro hiyo kwa kuzidisha sukari. Zama zile sukari ilikuwa ghali, chakula cha wakubwa. Ndiyo maana meno mabovu yalianzia ikulu kabla ya kufika kwa maskini.

Jibu kamili lilipatikana mwaka 1890. Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alichapisha kitabu juu ya viumbe vidogo vya kinywani. Alionyesha kwamba bakteria wanaoishi kinywani mwa kila mtu hula mabaki ya sukari na wanga, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayolainisha ganda gumu la jino mpaka likatoboka. Kwa hiyo hakuna mdudu anayetafuna jino kama anavyotafuna mahindi ghalani. Kilichopo ni asidi inayotengenezwa upya kila tunapotia kitu kitamu mdomoni. Mate yetu huiondoa taratibu na kulitengeneza ganda, ila yanahitaji muda. Ukinywa soda saa nne, ukala biskuti saa tano, ukanywa chai ya sukari saa sita, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yake.

Jambo hilo lilithibitishwa nchini Sweden katika hospitali ya Vipeholm, kwa utafiti ulioanza mwaka 1945 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1954. Ni utafiti wenye doa kubwa, maana waliolishwa pipi walikuwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuweza kutoa ridhaa yao. Hata hivyo matokeo yake hayakupingika. Waliokula sukari pamoja na mlo waliharibika meno kidogo. Waliokula pipi za kunata kati ya mlo na mlo waliharibika vibaya sana.

Tazama pia kisiwa cha Tristan da Cunha katika Atlantiki ya Kusini. Katika miaka ya 1930 madaktari waliokwenda huko waliwakuta watu wenye meno mazuri ajabu. Chakula chao kilikuwa samaki na viazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikajengwa kiwanda cha kusindika kamba, fedha zikaingia, na dukani vikaingia sukari, pipi na unga mweupe. Haukupita muda mrefu meno ya watoto yakaanza kuoza. Watu walikuwa wale wale na damu ile ile. Kilichobadilika ni kapu la sokoni.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali tunalojiuliza mara kwa mara: mbona babu alikuwa na meno yake yote bila kumwona daktari? Wengi wa wazee wetu hawakukulia kwenye soda. Na walikuwa na mswaki wa mti, jina tulilolipata kutoka Kiarabu na ambalo tumelihamishia kwenye mswaki wa plastiki. Mswaki wa mti, ukitumiwa vizuri, husafisha meno. Asiyekuwa na fedha ya dukani hana sababu ya kulala na kinywa kichafu.

Dawa ya meno ya dukani nayo ina kisa chake, na kisa hicho kinatugusa. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akawakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Baadaye alishangaa kuona kwamba meno hayo hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba chanzo ni madini ya floraidi katika maji. Ikizidi hutia madoa. Ikiwa ya kiasi hulinda jino. Ndiyo maana floraidi hutiwa katika dawa nyingi za meno. Ndugu zetu wa Arusha, maeneo kama Maji ya Chai, na wale wa Nakuru nchini Kenya, wanaijua vizuri habari hii. Madoa yao si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Yametoka kwenye maji ya Bonde la Ufa, waliyoyanywa meno yao yakiwa bado yanajijenga utotoni.

Basi mtu atasema, tangu mwaka 1890 mdudu amekwisha kufa. La hasha! Amerudi, na safari hii amewafuata watoto wachanga.

Tangu miaka ya 1980 imevuma katika nchi yetu habari ya meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa, akiharisha au akitapika, jirani humfunua mdomo, akaona uvimbe mweupe penye ufizi wa chonge, akatoa hukumu kwamba mtoto ana meno ya plastiki na hospitali hawayawezi. Mtoto hupelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli, akachimbuliwa ufizi pasipo ganzi. Kinachotolewa ni laini na cheupe, na watu wanaapa kwamba wameona funza. Imani ya namna hiyo ipo pia Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan.

Ukweli ni kwamba kile si funza. Ni jino changa la mtoto, chonge ambalo halijakomaa, na ndiyo maana ni laini. Akilitoa, mchimbaji anaweza kuliharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda au kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Na lililo baya kuliko yote, malaria au ugonjwa wa kuhara uliomleta pale bado uko mwilini, na saa za kumwokoa zimepotea.

Tusidhani kwamba ujinga huu ni wa Waafrika peke yao. Katika orodha za vifo za jiji la London katika karne ya 17, meno yalitajwa kuwa miongoni mwa sababu za vifo, na wengi waliohesabiwa hapo walikuwa watoto wachanga waliokufa kwa maradhi mengine wakiwa katika umri wa kuota meno. Matabibu wa Ulaya waliwachana watoto fizi kwa visu mpaka ndani ya karne ya 19. Wao waliacha baada ya kujifunza. Sisi tunajifunza lini? Mtoto mwenye homa au anayeharisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ufizi wake uachwe kama ulivyo.

Na sisi watu wazima tuna kosa letu. Tumezoea kwamba daktari wa meno ni wa kumwendea jino linapouma. Lakini jino likianza kuoza haliumi. Kwanza hutokea doa jeupe au la kahawia, kisha tundu dogo. Baadaye maji ya baridi na vitu vitamu huanza kuchoma. Jino linapokunyima usingizi usiku kucha, ujue uozo umefika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Kwenye tundu dogo jino huzibwa na likadumu miaka mingi. Kwenye maumivu ya usiku, mara nyingi kinachobaki ni matibabu marefu ya mzizi au kung'oa. Halafu tunalalamika kwamba madaktari wa meno kazi yao ni kung'oa tu!

Hapo katikati tunajitibu wenyewe. Karafuu ya Unguja na Pemba hutia ganzi kweli, na madaktari wa meno wenyewe hutumia mafuta yake, lakini haizibi tundu. Aspirini ikibandikwa kwenye ufizi huuunguza. Vidonge vya rangi mbili vya kununua dukani vinaweza kutuliza uvimbe kwa siku chache, huku chanzo kikibaki pale pale.

Kwa hiyo, ni lini uende? Nenda angalau mara moja kwa mwaka hata kama huumwi. Nenda ukiona tundu, jino likichoma kwa baridi, fizi zikitoka damu kila unapopiga mswaki, au jino likilegea. Nenda ukiwa na kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, maana hicho chaweza kuwa mwanzo wa saratani. Na ukivimba shavu au chini ya taya, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni ukaziba njia ya hewa, na watu wamekufa kwa jino moja.

Wengine wanaogopa maumivu. Hao wakumbuke kwamba mtu aliyeuonyesha ulimwengu upasuaji usio na maumivu, mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, alikuwa daktari wa meno, William Morton. Na leo ipo sindano ya ganzi.

Yaliyobaki yako mikononi mwako. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa kabla ya kulala usiukose kamwe. Tumia dawa yenye floraidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele chatosha. Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, visiwe vya kutafuna kutwa nzima. Na fedha ya soda za juma moja iwekwe akiba ya kumwona daktari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jino, ufa huo ni tundu dogo la leo, na ukuta wenyewe ni lile jino la pembe ambalo hata Rais Washington halikumfaa. Hadi juma lijalo.