Makauboi wasio na ng'ombe

Ukifika Pepa wakati wa kiangazi, juu kwenye nyanda za Marungu, macho yanachoka kabla nyasi hazijaisha. Ziwa Tanganyika limebaki chini, upande wa Moba. Huku juu ni upepo, baridi na ng'ombe. Vilele vya Marungu vinapita mita 2,000, na enzi za Wabelgiji nyasi hizo zilivutia ufugaji mkubwa. Mtoto aliyekulia hapa anajua uchungaji ni nini: kuamka na umande, kulowa mvua, kuhesabu mifugo jioni huku roho ikidunda kwa kuogopa kwamba hesabu haitatimia. Hana bastola kiunoni, wala hakuna anayempisha njia kwa kumwogopa.

Nimeanza na wachungaji wa kweli kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya vijana waliojiita wachunga ng'ombe bila kumiliki hata ndama. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, palizuka makundi ya wavulana waliovaa jinzi, mashati ya miraba na vitambaa shingoni, wakitembea kwa mwendo wa mtu aliyeshuka kwenye farasi muda huo huo. Walijiita Bills. Jina walilitoa kwa Buffalo Bill, yaani William Cody, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1846 na kufa 1917, mwindaji wa nyati aliyeyageuza maisha yake mwenyewe kuwa maonyesho. Vijana wa Léopoldville walimjua kwa njia ya sinema. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola, ambaye kitabu chake Tropical Cowboys kilichotoka mwaka 2016 kinawahusu vijana hao, anaitaja filamu ya Pony Express ya mwaka 1953, ambamo Charlton Heston aliigiza kama Buffalo Bill.

Mitaa ilipewa majina mapya. Palikuwa na Texas, palikuwa na Santa Fe, na kila kundi lilikuwa na mipaka yake ambayo kijana wa mtaa mwingine hakuivuka bila kupigwa. Aliye hodari aliitwa yankee. Wengine walichanjwa dawa, waliyoiita kamô, ili ngumi zao ziwe nzito na mwili usisikie maumivu. Walikuwa na lugha yao pia, Hindubill, ambayo ndani yake Lingala, Kifaransa, Kikongo na maneno ya Kiingereza yaliyookotwa kwenye filamu yalichanganywa mpaka mzazi asielewe mwanawe anasema nini. Hata jina la lugha lina sinema mbili ndani yake: Bill wa Marekani, na Hindu kwa sababu ya filamu za Kihindi.

Sasa ni nani aliyewaonyesha watoto wa Kongo filamu hizo? Serikali ya kikoloni na wamisionari. Mwaka 1945 serikali iliweka sheria kwamba Mwafrika asionyeshwe filamu ambayo tume ya ukaguzi haijaipitisha. Mapadri walikuwa na vikundi vyao vya sinema, na huko Kasai Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili ambavyo watu walivipenda kweli. Hofu ya Wabelgiji ilikuwa juu ya mapenzi na siasa. Mzungu akibusiana na mkewe hadharani, hiyo ilikuwa hatari. Mtumishi akimgomea bwana wake, hatari zaidi. Filamu za makauboi zilionekana hazina neno. Farasi wanakimbia, mhalifu anapigwa risasi, haki inashinda, watoto wanarudi nyumbani.

Hapo ndipo wakaguzi walipokosea, nami naona kosa lao lilikuwa kosa la moyo kuliko la akili. Hawakujiuliza mtoto aliyeketi gizani anajiona nani katika picha ile. Walidhani ataiona kama mchezo wa mbali. Yeye aliona kitu alichokijua: mji ambao mwenye nguvu hufanya atakalo, na mtu mmoja asiyekubali kudharauliwa. Baba yake aliitwa "boy" na watu wadogo kwake kwa umri. Usiku ukiingia, Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura katika mji wa Wazungu. Shule zilikuwa chache, na uchumi ulipoyumba miaka ya mwisho ya ukoloni, kazi zikawa haba hata kwa waliosoma. Mvulana wa miaka 15 aliyebeba aibu hiyo aliona pazia la sinema likimwambia kwamba aibu hulipwa kwa ngumi.

Akalipa. Lakini hakumlipa aliyemdai.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo masimulizi mengi ya Bills yanapopita mbio. Kinshasa inawakumbuka kwa tabasamu: mavazi yao, lugha yao iliyozaa maneno yanayosemwa mpaka leo, ujasiri wao. Gondola hakuishia kwenye tabasamu. Anaandika wazi kwamba mapigano ya mitaa yalikuwa pia vita juu ya miili ya wasichana. Msichana wa Texas akikamatwa na vijana wa mtaa adui, kubakwa kwake kulihesabiwa kuwa pigo kwa kaka zake, na kaka zake nao walitafuta dada wa mwingine wa kumlipizia. Mkoloni aliyewadhalilisha hakuguswa na duru hiyo hata chembe. Aliyedhulumiwa na mkubwa alimdhulumu mdogo, na aliyelipia kisasi ni yule ambaye hata ukumbini hakuwa na sauti. Katika zile filamu za farasi mwanamke husubiri mlangoni mpaka risasi ziishe. Katika mitaa ya Léopoldville hakuachwa hata asubiri.

Padri mmoja wa shirika la wamisionari wa Scheut, Joseph de Laet, aliamua kuwafuata vijana hao walipo badala ya kuwahubiria kutoka mbali. Alijifunza lugha yao, akaanzisha shughuli za vijana, nao wakampa jina: Père Buffalo. Ninamheshimu kwa hilo, ingawa mtu mmoja hawezi kuziba bwawa lililopasuka.

Tarehe 4 Januari 1959 bwawa lilipasuka kweli. Mkutano wa chama cha ABAKO ulizuiwa, umati ukakataa kutawanyika, watu waliotoka kwenye mechi ya mpira wakaungana nao, na Léopoldville ikawaka. Bills walikuwa humo. Hesabu ya serikali ilitaja Waafrika wasiopungua 47 waliouawa, na Wakongo wengi hawakuwahi kuiamini. Siku 9 baadaye Mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Wakaguzi waliokata mabusu na kuacha bastola hawakutazamia kwamba watoto waliocheza Texas wangefika kwenye meza ya historia.

Wala haikuwa Léopoldville peke yake. Kusini ya Pepa, ng'ambo ya mpaka, miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na wachunga ng'ombe wake wa kuigiza. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alipokwenda Luanshya mwaka 1953 alikuta wachimba madini na watoto wao wakishangilia makauboi kwa kelele kiasi cha kuyafunika maneno ya filamu. Kauboi yeyote, awe nani, alikuwa Jeke. Pwani nako, Zanzibar na Dar es Salaam, penzi la watu lilikuwa sinema ya Kihindi, na hapo kisasi kilisimuliwa kwa namna nyingine kabisa.

Chukua Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ambayo Waswahili wa pwani waliifuata kwa miaka. Hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi anamfunga Jagga kwa sababu tu ya baba yake. Jagga, aliyeonewa, anakuwa mhalifu kweli, kisha analipiza kisasi cha kutisha: anamteka mke wa hakimu na kumrudisha, ili sumu ya mashaka ifanye kazi yake. Hakimu anamfukuza mkewe akiwa mjamzito. Mtoto anakulia kwenye vibanda, shule inamtupa nje, na Jagga ndiye anayemfundisha kuiba. Mwishowe Jagga anauawa na mkono ule ule alioufundisha, na hakimu anamkuta mwanawe kizimbani. Kila pigo linaangukia asiyekusudiwa. Sishangai kwamba wazee wa Zanzibar waliizungumza filamu hiyo barazani kama wanavyozungumza kesi ya jirani. Ilikuwa na kitu ambacho Pony Express haina: kesho ya kisasi.

Baadaye ilikuja video, wakaja watafsiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, na filamu za Bongo zikavuka ziwa mpaka kwetu. Kanuni ya vibanda vya video vya Dar es Salaam inajulikana: stelingi, yaani mhusika mkuu, hafi. Ni kanuni tamu kwa mtazamaji na ya hatari kwa kijana wa miaka 14, kwa sababu mtaani kila mmoja anajiona ndiye stelingi.

Kongo nayo ilipata njia mbaya zaidi ya kuwafundisha watoto kisasi. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996 watoto waliopewa bunduki waliitwa kadogo, jina la kupendeza kwa jambo la kuhuzunisha. Oktoba 2000 Pepa yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda, na mwezi Desemba vita vikashuka mpaka Pweto. Mwaka 2012 ulileta mambo mawili yaliyohusu watoto hao. Februari, mjini Berlin, Rachel Mwanza, binti aliyewahi kulala mitaani Kinshasa, alipewa Dubu wa Fedha kuwa mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Rebelle ya Kim Nguyen. Tarehe 14 Machi, mjini The Hague, Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuwatumia watoto vitani.

Katika Rebelle, Komona ana miaka 12 waasi wanapomlazimisha kuwapiga risasi wazazi wake. Baadaye kamanda anamuua kijana aliyempenda na kumchukua yeye kwa nguvu. Komona anapata nafasi na anamuua kamanda. Mtazamaji anatamani iishie hapo. Haiishii. Tumboni mwake ana mtoto wa mtu yule, na filamu nzima ni maneno anayomwambia mtoto huyo, akiomba Mungu ampe nguvu asimchukie. Mizimu ya wazazi wake haimwachi mpaka arudi kijijini kuwazika. Kisasi hakikumfikisha nyumbani, mazishi yalimfikisha. Sijaona filamu nyingine iliyotengenezwa kwenye ardhi yetu iliyolisema jambo hili kwa ujasiri huo.

Miaka 11 baadaye, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alipeleka Cannes filamu yake ya kwanza ndefu, Augure, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Ndani yake kuna Paco, kijana wa mtaani anayemlilia dada yake. Kundi lake linavaa magauni ya waridi na kupigana na kundi jingine la wavulana. Ukimtazama Paco unamwona mjukuu wa Bills. Tofauti ni kwamba kamera ya Baloji inakaa na huzuni ya mtoto kabla ya kuonyesha ngumi yake.

Serikali zetu hazikukaa na huzuni hiyo. Kinshasa ilipochoshwa na kuluna, makundi ya vijana wenye mapanga, polisi walianzisha Operesheni Likofi mwezi Novemba 2013. Likofi kwa Lingala ni ngumi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliotoweka, wengine mbele ya wazazi wao. Kuluna hawakwisha.

Na hapa jimboni Tanganyika, miaka hiyo hiyo, dharau ya muda mrefu dhidi ya Watwa iligeuka vita kati yao na Waluba. Kijiji kilichochomwa kilijibiwa kwa kijiji kingine, vijana walibeba mishale wakilipa deni walilosimuliwa tu, na watu kwa mamia ya maelfu walikimbia makazi yao. Kalemie ilijaa vibanda vya majani. Niliposoma kuhusu wasichana wa Léopoldville waliolipishwa makosa ya kaka zao, sikuhitaji kwenda mbali kuelewa.

Ombi langu ni kwa waandishi, watengeneza filamu na walimu wa jimbo hili, na kwa yeyote mwenye simu inayorekodi sauti. Mvulana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1957 leo, kama yu hai, amepita miaka 80. Wanaume wa rika hilo wamehojiwa, na hadithi zao ziko vitabuni. Wanawake wa rika lao, bibi zetu walioufunga mlango kila makundi yalipopita, wameulizwa kwa uchache mno, na walioona moto wa Pepa mwaka 2000 na wa Nyunzu na Manono baadaye, katika vita vya Watwa na Waluba, hawajaulizwa vya kutosha. Nendeni kwao mkiwa na adabu na muda, mketi, na mwache wao waanze kusema.