Sola ya gari la safari: Hesabu kwanza, paneli baadaye

Jua linaloendesha mtambo wa Langobaya, Malindi, ambao ulianza kuuzia gridi ya taifa megawati 40 mnamo 2021, ndilo linaloangaza paa la gari la msafiri aliyepiga kambi Watamu au Marafa. Lakini mwenye gari hana mhandisi wa kumpigia hesabu, na kosa moja dukani humwachia friji iliyozimika, samaki waliooza na betri iliyokufa kabla ya wakati wake.

Wengi hukosea kwa kununua paneli kwanza. Utaratibu ufaao ni kuanza na matumizi, kisha betri, halafu paneli, na mwisho kidhibiti chaji.

MATUMIZI: Friji ndogo ya volti 12 inayovuta wati 45 na kunguruma nusu ya siku hula wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa 8 hula 160, taa nne za wati 5 kwa saa 5 hula 100, nazo simu na kompyuta ya mkononi takriban 100. Jumla ni wati-saa 900 kwa siku.

BETRI: Wati-saa 900 zikigawanywa kwa volti 12 ni amperi-saa 75. Betri ya asidi haifai kutumiwa kupita nusu, hivyo itahitajika ya amperi-saa 150. Ya lithiamu huhimili kutumiwa asilimia 80, kwa hivyo ya amperi-saa 100 itatosha.

PANELI: Hesabu ifanywe kwa kufikiria masika, si kiangazi. Mawingu ya Mei yanapotanda, ni busara kutegemea saa 4 tu za jua kamili kwa siku, na kutenga asilimia 30 ya hasara itokanayo na joto, vumbi na nyaya. Hapo zinahitajika takriban wati 320, yaani paneli mbili za wati 160.

Joto lenyewe si jambo dogo. Kila nyuzi moja juu ya 25, paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Ikifika nyuzi 65 juu ya bati, asilimia 16 imekwenda. Kwa sababu hiyo, iachwe nafasi ya upepo kupita chini yake. Malindi iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hivyo paneli iliyolazwa paani haipotezi mengi. Kivuli cha kuti moja la mnazi ndicho adui mkubwa zaidi.

KIDHIBITI: Kuna aina mbili, PWM na MPPT. Ya kwanza ni rahisi, lakini hushusha volti za paneli hadi zilingane na za betri. Paneli ya nyumbani ya seli 60 na wati 250 hutoa amperi 8 kwa volti 30 hivi. Kwa PWM, betri yenye volti 13 itapokea wati 104 pekee. MPPT hugeuza volti za ziada kuwa amperi na kuokoa sehemu kubwa ya nguvu hizo.

Hata hivyo, kwa paneli za seli 36 zilizotengenezewa betri ya volti 12, tofauti hiyo ni ndogo, hasa katika joto la Pwani, na PWM yaweza kutosha.

Kuhusu ukubwa, wati 320 zikigawanywa kwa volti 12 ni amperi 27. Ikiongezwa robo kwa usalama, ni karibu 34, hivyo kifaa cha amperi 40 kinafaa. Aidha, paneli zikiunganishwa mfululizo, volti zake hujumlishwa. Mbili za volti 37 kila moja, zisipokuwa na mzigo, hufika 74, kiasi kinachoweza kuunguza kidhibiti chenye kikomo cha volti 50.

Isitoshe, hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya, hivyo yatumiwe maungio yasiyopenya maji na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Fyuzi iwekwe karibu na betri, nayo betri iunganishwe na kidhibiti kabla ya paneli.

Kanuni za sola za 2012 zilimtaka fundi wa kazi hiyo awe na leseni, ambayo siku hizi hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA). Mnunuzi ana haki ya kuomba kuionyeshwa kabla ya kulipa.